Bonde Lisilo na Mtu

Balozi wa nyumba kumi, Ildefonsi, hakuingia ndani. Alisimama palepale kwenye migomba, fimbo kwapani, akasema yake haraka kama mtu mwenye nyumba nyingi za kupitia.

"Jumatatu wanakuja wageni. Watu wa mazingira. Watalikagua bonde la Rufunjo na ule msitu wa juu yake kabla kampuni haijaanza shamba la mpunga. Kila mwenye kitu kule bondeni akitoe."

"Kitu gani, Balozi?" aliuliza Costansia. Alikuwa amekaa mlangoni anasuka mkeka wa mafunjo, na hakuacha kusuka.

"Mama Therese, usinitoe maneno mdomoni. Sheria unaijua. Bondeni hakulimwi. Wakikuta maharage, mimi sikukuona na wewe hukuniona."

Mumewe, Evaristi Mbonimpa, alishatoka nyuma ya nyumba akiwa amevua kofia. "Tumesikia, Balozi," alisema. "Tumeshukuru."

Costansia alimtazama. Tumeshukuru kitu gani? Lakini Balozi alikuwa ameshageuka, na mbele ya mtu wa nje hakutaka kumvunjia mumewe heshima, basi akaliuma neno lake na mafunjo akayavuta kwa nguvu mpaka moja likakatika.

Kibanja chao kilikuwa kidogo, na migomba yake ilikuwa imeliwa na fukusi kiasi kwamba upepo wa kawaida tu uliiangusha. Kahawa zilikuwa chache za kuhesabika. Kuanzia mvua zinapokatika mwezi wa sita mpaka zinaporudi, nyumba hii ilikula kutoka bondeni. Pale Rufunjo, pembeni mwa mafunjo, kulikuwa na kipande chenye unyevu hata jua liwe kali namna gani, na humo mlikuwa na maharage, viazi vitamu na magimbi. Bila kipande hicho, watoto wanne wangekula nini mwezi wa nane? Hilo ndilo lililokuwa swali, na kila mtu katika nyumba ile alilijua, hata yule mdogo.

"Maharage yametunga juzi tu," alisema Costansia Balozi alipopotea. "Ukiyang'oa sasa unapata majani."

"Majani yanaliwa."

"Siku mbili. Halafu?"

Evaristi aliivaa tena kofia yake. Alikuwa anakumbuka kiangazi kilichopita. Bwana shamba alikuja na mgambo, akaanza kwa kuuliza kwa upole kabisa mavuno yakoje, na Evaristi kwa ujinga wake akajisifu. Mwisho wa yote Costansia alitwishwa magimbi yake mwenyewe kichwani, yakiwa bado na matope, akayapeleka ofisi ya kata kuwa ushahidi. Alipita nayo mbele ya kanisa siku ya mafundisho. Matope yalimchuruzika shingoni, na watu aliosali nao walimtazama. Faini ililipwa kwa mbuzi. Magimbi wakala mgambo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Evaristi hakulitaja kwa sababu halikuwa na haja ya kutajwa. Alivuka mto akiwa mtoto, mgongoni mwa shangazi yake, mwaka ule watu walipokimbia Rwanda. Tangu hapo alikuwa amelipa kodi zote, alikuwa na kadi ya chama, watoto wake walibatizwa hapahapa. Lakini ukitokea ugomvi wowote, hata wa kuku, lile neno mkimbizi halikukawia kutolewa. Mtu wa namna hiyo hujifunza kutoonekana, na Evaristi alijifunza vizuri.

"Tutang'oa kesho," alisema.

*

Siku ya Jumamosi waling'oa, baba, mama na watoto wawili wakubwa. Ilikuwa kazi rahisi, na urahisi wake ndio uliomuuma Costansia. Alilima wiki mbili, akapalilia akiwa na homa, na sasa mashina yalikuwa yanatoka kwa kuvutwa kidogo tu, yana vitumba vya maharage vyembamba ambavyo hata mbuzi angevikataa. Magimbi waliyafukua yakiwa madogo. Matuta ya viazi Evaristi aliyasawazisha kwa jembe, halafu akatupia mafunjo makavu juu yake.

Upande wa pili, kwenye maharage yake mabichi yaliyostawi, alikaa Mutalemwa, jirani yao, anavuta kiko. Huyu alikuwa mwana wa marehemu mzee Rwegoshora, yule aliyempa Evaristi kipande hiki miaka mingi iliyopita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana watano na migomba yake nayo ilikuwa inakufa.

"Wewe hung'oi, waitu?" aliuliza Evaristi.

"Ning'oe kwa nini? Hapa ni kwa baba yangu. Watanipeleka wapi?"

Costansia alinyoosha mgongo. "Basi na sisi tuache, Baba Therese. Kama yeye anaacha."

"Yeye ni yeye," alisema Evaristi.

Wote wawili wakamtazama Mutalemwa, wakingoja aseme neno. Neno moja tu lingetosha, hata acheni tu, hata nitawasemea. Mutalemwa alikigonga kiko kwenye jiwe, akakijaza tena. "Hayo mnajua wenyewe," alisema.

Ilibaki mipaka. Kwenye pembe za kile kipande ilisimama miti ya mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao nchi nzima ya Karagwe hupandwa mahali penye mpaka. Mtu wa Karagwe akiuona, hahitaji kuambiwa kwamba mahali hapo pana mwenyewe. Aliipanda mzee Rwegoshora kwa mkono wake siku alipompa Evaristi ardhi, kukanywewa rubisi ya ndizi mbele ya majirani, na kila aliyekunywa akawa shahidi.

Evaristi alipouinamia wa kwanza, Costansia alimshika mkono.

"Huo hapana. Maharage sawa. Mulamula haung'olewi."

"Wakiuona watauliza wa nani."

"Si utasema wako!"

"Mama Therese, unataka nikupeleke tena kata na magimbi kichwani?" Aliutoa mkono wake. "Nitaipanda nyuma ya nyumba, kwenye maji ya kuogea. Wakiondoka naurudisha kila mmoja mahali pake. Nani atajua?"

Aliing'oa yote. Mizizi ilikuwa imeshika sana, na wa mwisho ilibidi aukate kwa panga. Mutalemwa alitazama mwanzo mpaka mwisho bila kusema kitu, kisha akasimama, akajikung'uta, akaenda zake.

*

Wageni walikuja na Landrova kutokea Omurushaka, walikolala. Mkubwa wao aliitwa Projest, mtu wa Bukoba mwenye shahada mbili na mafua. Lilikuwa bonde lake la tano mwezi ule. Alihitaji mtu wa kubeba vyombo na kukata njia kwenye mafunjo, na Balozi Ildefonsi, aliyependa kumsaidia mtu ikiwa hakumgharimu kitu, akamtoa Evaristi.

Hivyo Evaristi akawa anaongoza msafara wa kulikagua bonde lake mwenyewe, akiwa na sanduku la chupa kichwani na panga mkononi.

Walikuwa watu wa bidii, lazima wasifiwe. Walichoma udongo kwa chuma kirefu, wakautia kwenye mifuko. Walipima maji. Kijana mmoja alikuwa na darubini, na kila ndege aliyeruka aliandikwa. Korongo waliandikwa, bata maji wakaandikwa, chura mmoja akashikwa, akapigwa picha, akaachiwa. Msituni waliandika miti kwa majina, na nyani, na kinyesi cha mnyama ambaye hawakumjua.

Kwenye shamba la Mutalemwa walimkuta mwenyewe amekaa katikati ya maharage.

"Hili la nani?" aliuliza Projest.

"Langu. La baba, na la babu kabla yake."

"Hujui kwamba bondeni hakulimwi?"

"Sheria ilinikuta hapa," alisema Mutalemwa.

Evaristi aligeuka kutazama njia. Aliwangoja mgambo. Hakuja mgambo yeyote. Projest alipiga chafya, akaandika, akauliza tu shamba linaishia wapi. Mutalemwa alinyoosha kiko chake mpaka pale kwenye shimo, pale pale uliposimama mulamula, si hatua moja zaidi.

"Na ng'ambo ya hapo?"

"Ng'ambo ya hapo muulize huyo," alisema Mutalemwa, akimwonyesha Evaristi kwa kidevu.

Projest akamgeukia mbebaji wake, labda kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akavuka, akatembea juu ya yale mafunjo makavu. Akasimama penye mfereji.

"Mfereji huu amechimba nani?"

"Maji yenyewe, mheshimiwa."

"Maji hayachimbi kwa mstari." Projest aliinama, akaokota jani la maharage lililokuwa bado halijanyauka, akaligeuzageuza. Aliongea taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia ili amalize kazi. "Sikiliza, ndugu yangu. Mimi si bwana shamba. Nikiandika kwamba kuna mtu anakula kutoka hapa, kampuni haiwezi kupachukua bure, itabidi impe mahali pengine. Nisipoandika, mtu huyo hayupo. Umenielewa?"

Evaristi alielewa kila neno. Tatizo lake ni kwamba maneno matamu ya namna hiyo alishayasikia mwaka jana, na yalianza vilevile, kwa upole, kwa ndugu yangu. Alimtazama Mutalemwa, ambaye alikuwa anatazama kwingine. Alijiambia aseme, akajiambia tena, na sanduku lile la chupa likaonekana kuzidi uzito.

"Hakuna mtu, mheshimiwa," alisema. "Hapa ni pori tu."

Projest aliliacha lile jani lianguke. Kisha akatoa leso, akafuta pua, akaandika.

*

Mkutano ulifanyika baada ya majuma kadhaa, katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagusa videvu. Mbele walikaa mtendaji wa kata, Balozi Ildefonsi na Projest, ambaye mafua yalikuwa yamemwacha.

Kwa Costansia majuma hayo yalikuwa marefu. Siku ile wageni walipoondoka alimwambia mumewe aende kupanda upya, mulamula na maharage, lakini vibarua wa kampuni walishapigilia vigingi vyekundu pembeni mwa bonde, na Evaristi aliogopa vigingi. Majani ya maharage yaliisha. Mikeka miwili aliipeleka Omurushaka, ikanunuliwa kwa bei ya mtu aliyeonekana ana njaa. Nyumbani walikuwa wanakula mara moja kwa siku, jioni, ili watoto wapate usingizi.

Projest alisoma kwa ufupi. Kampuni itaacha sehemu ya mafunjo kwa ajili ya korongo. Msitu wa juu hautakatwa wote. Na wale waliokutwa na mashamba bondeni, kila mmoja atapewa kipande kingine cha ukubwa uleule, upande wa juu ambako maji hayakauki, kabla ya mvua. Akayasoma majina. Mutalemwa mwana wa Rwegoshora alikuwamo. Wengine saba walikuwamo, wote wenyeji, wote ambao hawakung'oa.

Wenye majina wakapiga makofi. Evaristi alitoka kwenye dawati kwa shida, likampiga goti, akasimama na kofia mkononi.

"Mheshimiwa, na mimi nina kipande pale."

Projest alimtazama sana. "Wewe si ndiye uliyenibebea mizigo?"

"Ndiye mimi."

"Ulinipitisha katikati ya shamba lako ukaniambia ni pori?"

Darasa zima likacheka. Hata wale wenzake waliotoka ng'ambo ya mto pamoja naye, ambao nao waling'oa na sasa walikuwa wameinamisha vichwa, walicheka kidogo ili wasijulikane.

"Niliogopa," alisema Evaristi.

Projest hakucheka. "Ripoti imekwenda, mzee wangu. Nilikuuliza kwa lugha nyepesi kabisa." Akamgeukia mtendaji, kama anayemkabidhi mtu mzigo. Mtendaji akamgeukia Balozi.

"Huyu alikuwa analima kule?"

"Mimi sikuona," alisema Ildefonsi.

"Mutalemwa yupo," alisema Costansia kutoka nyuma, mahali walipokaa wanawake. "Baba yake ndiye aliyetupa. Mwulizeni."

Mutalemwa alisimama polepole. Alikuwa amekuja bila kiko, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Siwezi kusema uongo," alianza. "Ni kweli baba alimpa. Rubisi ilinywewa, na kibuyu nilibeba mimi mwenyewe. Ningekuwa naulizwa la siku ile, ningesema ni lake." Akawageukia wazee. "Lakini mulamula uko wapi? Baba aliupanda kwa mkono wake. Wazee mlioko hapa semeni kama nakosea. Mtu akiung'oa mulamula wake kwa mkono wake mwenyewe, amerudisha ardhi. Mimi nilikuwepo. Sikumtuma, sikumkataza. Nilimwona akiukata kwa panga."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Hapakuwa na aliyefurahi kukubali, ila ndivyo ilivyokuwa desturi, na wote waliijua.

"Ipo nyumbani," alisema Evaristi. "Yote. Nimeipanda nyuma ya nyumba. Haijafa."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mtendaji alianza kukusanya karatasi zake.

Costansia akaja mbele. Alipita katikati ya madawati, kanga kiunoni, mpaka akafika kwenye meza. Alikuwa amechoka kiasi cha kutoogopa tena.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba, mama."

"Nimevunja sheria. Nimelima bondeni. Nimelima kiangazi hiki na vile vyote vya nyuma. Nitozeni faini."

"Mama, kaa chini."

"Mwaka jana mlinitoza. Mlinitwisha magimbi, nikayaleta ofisini kwako kwa miguu yangu. Nitozeni na mwaka huu. Mbuzi hayupo, lakini nitafanya kazi, nitafagia ofisi, nitalala mahabusu. Mradi muandike kwamba Costansia, mke wa Mbonimpa, alikutwa bondeni."

Mtendaji alitabasamu, si kwa ubaya. Alikuwa na njaa, na baiskeli yake ilikuwa na safari ndefu. "Nikutoze faini ya nini? Nikienda pale nitaona nini? Hakuna tuta, hakuna jani. Huwezi kutozwa faini ya shamba ambalo halipo." Akasimama. "Kikao kimefungwa. Tuwashukuru wageni."

*

Bonde lilionekana vizuri kutoka shuleni. Watu walipotoka darasani na kuanza kusalimiana, walimwona Costansia ameshafika chini, karibu na barabara, ndani ya vigingi vyekundu. Jembe alilichukua nyumba ya jirani bila kuomba. Alikuwa analima.

Alilima kwa nguvu, akitupa yale mafunjo makavu huku na huku, mpaka udongo mweusi ukaonekana tena. Watu walipita barabarani, wakapunguza mwendo, wakanong'ona, wakaenda. Mutalemwa alipita akiwa ameinamisha uso. Balozi Ildefonsi alipita akitazama msitu kwa makini sana. Landrova ilipita, na vumbi lake likamfunika Costansia kwa muda, likatulia, naye akawa bado yupo.

Evaristi alimfikia akiwa anahema. Alisimama nje ya kigingi kwanza. Halafu akavuka.

"Mama Therese, twende nyumbani."

"Ngoja kidogo."

"Watoto wako peke yao."

"Ngoja, Baba Therese. Mtendaji lazima apite hapa, njia nyingine hana. Akinikuta na jembe mkononi atakataaje? Atanikamata. Atakuja na mgambo." Alisema hayo karibu kwa furaha, akiyatazama matuta yake mapya mawili. "Shika upande ule. Tukiwa wawili itaonekana zaidi."

Evaristi hakuwa na jembe. Alipiga magoti, akaanza kuvuta udongo kwa mikono. Mgongo wake ulikuwa umeelekea barabarani, na kwa mara ya kwanza hakujali ni nani anauona.

Walimsikia mtendaji kabla hawajamwona, kwa sababu baiskeli yake ilikuwa na mnyororo mkavu. Costansia alisimama wima. Aliliinua jembe juu kabisa, mahali ambapo kipofu tu asingeliona, akalishusha kwa kishindo, akaliinua tena.

Mtendaji alikuja, akawaona. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani.

"Poleni na kazi!" alisema, akapita.

"Tumeshapoa, mheshimiwa," alijibu Evaristi, kabla hajajua kwamba amejibu.

Mnyororo ulisikika ukipanda kilima, ukapungua, ukaisha. Costansia aliliacha jembe lianguke. Akakaa juu ya tuta, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti, mchana kweupe, kando ya barabara, na hakuna mtu aliyekuja kumwondoa.